Sura ya 6: Uongo wa Hali ya Hewa

Wengi wanaoamini kwamba serikali ya Marekani imeficha maiti za viumbe wa sayari nyingine husahau jambo moja: habari ya kwanza kwamba kisahani cha angani kimenaswa ilitolewa na jeshi lenyewe. Jumanne ya tarehe 8 Julai 1947, Luteni Walter Haut, ofisa habari wa kambi ya anga ya Roswell katika jimbo la New Mexico, alisambaza taarifa kwenye magazeti na redio za mji ule kwa amri ya mkuu wake, Kanali William Blanchard. Ilisema kambi imebahatika kupata kisahani kirukacho kwa msaada wa mfugaji mmoja na ofisi ya sherifu. Gazeti la Roswell Daily Record likaiweka ukurasa wa mbele siku ile ile. Magazeti yakiwa bado mikononi mwa wauzaji, Jenerali Roger Ramey, aliyekuwa Fort Worth huko Texas, akatangaza kwamba hakuna kisahani chochote. Lilikuwa puto la hali ya hewa.

Saa zile chache zimezaa vitabu visivyohesabika, filamu, jumba la makumbusho na tamasha la kila Julai linaloujaza mji wa Roswell watalii waliovaa vinyago vya kijani. Mimi nitasema mapema ninachokiamini, ili msomaji asisubiri mwisho wa sura. Waliosema siku ile kwamba jeshi linadanganya walikuwa sahihi. Jeshi lilidanganya kweli. Ila kilichofichwa kilikuwa kimetengenezwa na wanadamu, tena kwa vifaa vya bei rahisi, na siri yake ilihusu vita ambavyo vilikuwa havijaanza.

Twende kwa aliyekiokota. W. W. Brazel, ambaye wenzake walimwita Mac, alikuwa msimamizi wa ranchi ya kondoo karibu na mji mdogo wa Corona, kiasi cha kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Roswell. Katikati ya Juni, akiwa na mwanawe, alikuta takataka zimetapakaa malishoni: vipande vya raba, karatasi ngumu, foili inayong'aa, vijiti vyepesi na utepe wa gundi uliochapwa maua. Hakujali. Alikuwa na kazi yake ya kufanya, akaendelea nayo. Wiki kadhaa baadaye alikusanya vipande vile akavifunga, na furushi lote, kwa makisio aliyompa mwandishi wa gazeti, lilikuwa na uzito wa kilo mbili na ushei. Raba ilikuwa na rangi ya moshi. Hakuona injini, wala propela, wala chuma chochote cha maana.

Asingelipeleka popote kama si habari zilizokuwa zikivuma wiki zile. Tarehe 24 Juni, rubani mmoja wa ndege ndogo, Kenneth Arnold, alisema ameona vitu 9 vikipita kwa kasi ya ajabu karibu na Mlima Rainier, upande wa kaskazini-magharibi wa nchi, na magazeti yakavibatiza jina la visahani. Kufikia sikukuu ya Uhuru wa Marekani, tarehe 4 Julai, watu wa majimbo mengi walikuwa wakitazama juu. Brazel alizisikia habari hizo alipokwenda Corona, akajiuliza kama vile vipande vyake si mabaki ya kisahani. Jumatatu ya tarehe 7 akaenda kwa Sherifu George Wilcox mjini Roswell, akamweleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuchekwa. Sherifu akapiga simu kambini.

Na kambi yenyewe haikuwa kambi ya kawaida. Pale Roswell ndipo lilipokuwa Kundi la 509 la ndege za mabomu, kikosi kilichoangusha mabomu ya atomiki Hiroshima na Nagasaki miaka miwili kabla. Mwaka 1947 hakukuwa na kikosi kingine duniani chenye uwezo ule. Ofisa usalama wake, Meja Jesse Marcel, alikwenda ranchini kukusanya mabaki, na kesho yake akapandishwa ndege kuyapeleka kwa Jenerali Ramey. Picha zilizopigwa ofisini kwa jenerali bado zipo. Marcel amechuchumaa, ameshika foili iliyokunjamana, uso wake una tabasamu la mtu ambaye hajui acheke au afanye nini. Ofisa wa hali ya hewa aliitwa, akaangalia, akasema ni puto na kiakisi cha rada. Habari ikaisha. Ilikaa kimya kwa miaka 30, mpaka mwaka 1978 Marcel, aliyekwisha kustaafu, alipomwambia mtafiti Stanton Friedman kwamba vitu alivyookota havikuwa vya dunia hii.

Sasa tuingie penye siri yenyewe, maana hapa ndipo wasimulizi wengi wa kisa hiki hupita mbio.

Mwaka 1947 Marekani ilikuwa nchi pekee yenye bomu la atomiki, na ilijua Wasovieti wanalitengeneza lao. Swali lililowanyima usingizi wakubwa wa Washington lilikuwa hili: tutajuaje siku watakayolijaribu? Hakukuwa na setilaiti. Wapelelezi ndani ya Urusi ya Stalin walikuwa wachache mno. Mwanasayansi wa bahari, Maurice Ewing, akaja na wazo. Wakati wa vita alikuwa amegundua kwamba baharini kuna tabaka moja la kina ambalo sauti ikiingia humo husafiri maelfu ya kilomita, kama maji yanavyofuata mfereji badala ya kutapakaa shambani. Akasema angani nako lazima kuwe na tabaka la namna hiyo, juu kabisa, karibu na mpaka ambapo baridi ya anga huanza kugeuka. Bomu likilipuka Siberia, mngurumo wake ungepita humo na kuzunguka nusu ya dunia. Kinachotakiwa ni sikio lenye kukaa kule juu kwa muda mrefu.

Sikio hilo likapewa jina la Mradi wa Mogul. Watu wa Chuo Kikuu cha New York walikwenda Alamogordo, kusini mwa New Mexico, wakaanza kurusha misururu ya maputo: zaidi ya 20 kwa kamba moja, urefu wa mita zaidi ya 180 toka juu hadi chini, yakibeba vinasa sauti na vifaa vya redio. Ili rada iweze kuufuata msururu ule, walining'iniza viakisi vilivyotengenezwa kwa foili, karatasi na vijiti vya mti mwepesi wa balsa. Charles Moore, mmoja wa wahandisi wa mradi, alieleza miaka mingi baadaye kwamba viakisi vile vilishikizwa kwa utepe uliotoka kwa mtengenezaji wa vitu vya watoto jijini New York, na utepe huo ulikuwa na michoro ya maua. Maputo yalikuwa ya neoprini, raba ambayo ikikaa juani hugeuka rangi na kukatika. Ukiweka maelezo ya Moore kando ya yale ya Brazel ya Julai 1947, maua kwa maua na raba kwa raba, huhitaji mtu wa kukuongoza. Watafiti wengi huamini mabaki yale yalikuwa ya msururu uliorushwa mwanzoni mwa Juni na kupotea.

Vifaa vyenyewe havikuwa siri. Mtu yeyote angeweza kuvinunua. Siri ilikuwa kazi yake. Hata vijana wa chuo waliokuwa wakivuta kamba kule Alamogordo hawakuambiwa wanamsikiliza nani. Ndiyo maana ninapata shida kumlaumu Marcel. Alikuwa ofisa usalama wa kikosi cha atomiki, lakini hakuwa miongoni mwa waliopaswa kujua, na huenda mwenyewe Ramey hakujua. Walisema "puto la hali ya hewa" kwa sababu kwa macho lilionekana hivyo. Nusu ya jibu ilikuwa kweli, na nusu iliyobaki haikuwa na mwenyewe wa kuisema.

Mogul haikuwahi kulisikia bomu la Wasovieti. Walipolipua la kwanza, tarehe 29 Agosti 1949, lilitambuliwa na ndege iliyobeba vichujio vya hewa, vilivyonasa vumbi lenye mionzi juu ya Pasifiki ya kaskazini. Mradi ulikuwa umekwisha kupitwa. Hata hivyo serikali haikutoa maelezo kamili hadi mwaka 1994, tena kwa kusukumwa. Mbunge wa New Mexico, Steven Schiff, aliuliza habari za Roswell kwenye Wizara ya Ulinzi, akaona anazungushwa, akaiomba ofisi ya ukaguzi ya Bunge iingilie. Wakaguzi wakagundua kwamba baadhi ya kumbukumbu za kambi ya Roswell, zikiwemo jumbe zilizotumwa kutoka kambini miaka ile, zilikuwa zimeharibiwa, na hakuna aliyeweza kuonyesha kwa idhini ya nani. Jeshi la Anga nalo mwaka 1997 likaongeza ripoti ya pili: kwamba "maiti" ambazo baadhi ya wazee walikumbuka kuziona zilikuwa midoli ya majaribio ya miavuli. Tatizo ni kwamba midoli hiyo iliangushwa miaka ya 1950. Waandishi wa habari walipouliza inakuwaje mtu aione mwaka 1947, ofisa aliyesimama mbele yao alijibu kwamba watu huchanganya tarehe. Labda ni kweli. Lakini kwa serikali iliyokuwa ikijaribu kurudisha imani ya wananchi, lilikuwa jibu la kujipiga risasi mguuni.

Ukitaka kuelewa kwa nini mambo yaliendeshwa hivi, nenda mwaka 1952. Usiku wa tarehe 19 Julai na tena wiki moja baadaye, rada za uwanja wa ndege wa Washington zilionyesha vitu visivyofahamika juu ya mji mkuu. Ndege za kivita zilirushwa, hazikupata kitu. Simu za Pentagon, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi, zilijaa. Jenerali John Samford aliitisha mkutano wa waandishi, mkubwa kuliko wowote tangu Vita vya Pili, akasema huenda ni mabadiliko ya joto hewani yanayoipotosha rada. Safari hii pia, hali ya hewa. Na safari hii yawezekana kabisa ilikuwa kweli, maana tabaka la hewa ya moto juu ya hewa ya baridi huipinda miale ya rada.

Shirika la ujasusi, CIA, lilitazama kisa kile kwa jicho lake. Januari 1953 liliwakusanya wanasayansi chini ya mwanafizikia H. P. Robertson, akiwemo Luis Alvarez, ambaye baadaye angepata Tuzo ya Nobel. Walikaa siku chache, wakatazama filamu na ripoti bora zilizokuwepo, wakaamua kwamba hakuna ushahidi wa tishio ndani ya vitu vyenyewe. Tishio waliliona kwingine. Kumbukumbu ya Pearl Harbor ilikuwa mbichi, na hofu yao ilikuwa kwamba siku Wasovieti wakishambulia, njia za mawasiliano za ulinzi zitakuwa zimezibwa na maelfu ya wananchi wanaoripoti taa angani. Kwa hiyo wakapendekeza wananchi wapunguziwe hamu ya jambo hili kwa kutumia televisheni, filamu na makala, na jina la kampuni ya Walt Disney likatajwa. Pia wakashauri vikundi vya raia vinavyofuatilia visahani viangaliwe.

Usome tena pendekezo lile taratibu. Serikali ilishauriwa kumfanya raia aone aibu kusema alichokiona. Ripoti yao ikapigwa muhuri wa siri, nayo siri hiyo ikaja kuwa ushahidi mkononi mwa kila aliyedai kuna njama. Haikuwa njama ya kuficha wageni. Ilikuwa njama hata hivyo.

Mradi wa Blue Book wa kuchunguza visahani, ambao Jeshi la Anga liliuendesha kutoka Dayton, Ohio, hadi Desemba 1969, ulifanya kazi chini ya kivuli hicho. Ulikusanya ripoti 12,618 pamoja na zile za miradi iliyoutangulia, na 701 zikabaki bila maelezo. Mshauri wake, mwanaastronomia wa chuo kikuu J. Allen Hynek, aliwahi kusema mbele ya waandishi, Machi 1966, kwamba taa zilizoonekana Michigan huenda ni gesi ya kinamasi. Watu walicheka nchi nzima, na mbunge wa jimbo hilo, Gerald Ford, ambaye baadaye alikuwa rais, akadai Bunge lifanye uchunguzi. Hynek mwenyewe aliishia kuwa mkosoaji mkubwa wa mradi aliokuwa akiutumikia.

Kuna jambo ambalo wananchi hawakuambiwa. Agosti 1955, kwenye ziwa kavu la Groom huko Nevada, mahali ambapo sasa dunia inapaita Area 51, CIA ilianza kujaribu ndege iitwayo U-2. Wakati huo ndege za abiria ziliruka kati ya mita 3,000 na 6,000. U-2 ilipanda zaidi ya mita 18,000, na hakuna raia aliyedhani binadamu anaweza kufika huko. Sasa fikiria rubani wa ndege ya abiria anaelekea magharibi saa ya magharibi. Kwake giza limeshaingia. Lakini kule juu jua halijazama, na mabawa marefu ya fedha ya U-2 yanalirudisha kama moto. Anaona kitu kinawaka mahali ambapo hapapaswi kuwa na kitu. Anaandika ripoti, kwa uaminifu kabisa.

Ripoti ile ikifika Blue Book, kwa mujibu wa historia ambayo CIA yenyewe iliitoa baadaye, wachunguzi walipiga simu kwa watu wa mradi wa U-2 na kulinganisha saa na njia za safari. Zikilingana, faili linafungwa. Lakini rubani hawezi kuambiwa ukweli. Ataambiwa ni chembe za barafu, au joto la hewa. Yeye anajua alichokiona, na anajua jibu alilopewa halifanani nacho. Kuanzia siku hiyo serikali imempoteza mtu mmoja makini, mwenye macho mazuri na leseni ya kurusha ndege.

Mwanahistoria wa CIA, Gerald Haines, aliandika mwaka 1997 kwamba zaidi ya nusu ya ripoti za UFO, yaani vitu visivyofahamika angani, za mwishoni mwa miaka ya 1950 na za miaka ya 1960 zilitokana na ndege za upelelezi. Mwaka 2014 shirika likarudia majigambo hayo mtandaoni, kwa utani, kwamba waliokuwa wakionekana ni wao. Mimi nadhani hesabu hiyo imetiwa chumvi. Mwaka ulioleta ripoti nyingi kuliko yote, 1,501, ni 1952, na U-2 ilikuwa haijazaliwa. Shirika la ujasusi linapojipa sifa ya kutatua fumbo, nalo lisomwe kwa tahadhari ile ile linaposema halijui kitu.

Tarehe 1 Mei 1960 njia ya mwongo ikawa fupi. U-2 ya Francis Gary Powers ilitunguliwa karibu na Sverdlovsk, ndani kabisa ya Muungano wa Kisovieti. Washington, ikiamini rubani amekufa, ikaitanguliza NASA. Shirika la anga za juu, lenye umri usiofika miaka miwili, likatangaza kwamba ndege yake ya utafiti wa hali ya hewa imepotea upande wa Uturuki baada ya rubani kulalamika juu ya oksijeni. Hata ndege nyingine ya aina ile ikapakwa rangi za NASA na kuonyeshwa waandishi. Kisha tarehe 7 Mei kiongozi wa Wasovieti, Khrushchev, akasimama mbele ya Baraza lake Kuu akasema rubani yuko hai, yuko Moscow, na ameeleza yote.

Sisi wa pwani hii tuna sababu ya kuukumbuka mwezi ule. Miezi michache baadaye, Oktoba 1960, Marekani na Uingereza zilikubaliana kujenga Unguja kituo cha kufuatilia safari za Mradi wa Mercury, zilizompeleka Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia. Kilikuwa kimoja kati ya vituo vilivyotandazwa kuzunguka dunia nzima, na mwenye nacho alikuwa NASA. Visiwani kulikuwa na joto la siasa za kudai uhuru, na watu wakaandamana. Walisema ni mitambo ya kijeshi, itawavutia makombora ya maadui wa Marekani. Wamarekani wakaeleza kwamba ni sayansi tupu. Walikuwa wanasema kweli: tarehe 20 Februari 1962 John Glenn, akiwa juu ya bahari yetu, alizungumza na kituo hicho cha Unguja. Lakini nani angemlaumu Mzanzibari aliyesoma magazeti ya Mei, akaona jina la NASA limebandikwa kwenye ndege ya kijasusi? Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Karume iliamuru kituo kifungwe, na kabla mwaka haujaisha Wamarekani wakawa wamefungasha. Vitabu vya UFO havikitaji kisa hiki, nami nakiona kuwa mfano ulio wazi zaidi wa gharama ya uongo ule. Aliyeulipia hakuwa CIA. Alikuwa fundi wa redio aliyekuja Unguja kwa kazi halali.

Miaka ya 1980 mambo yalikwenda chini zaidi. Mpaka hapo serikali ilikuwa ikikataa. Sasa baadhi ya watu wake wakaanza kutunga. Mfanyabiashara mmoja wa Albuquerque, aliyeishi jirani na kambi ya anga ya Kirtland, alianza kunasa mawimbi ya redio na kuona taa za ajabu juu ya eneo la kambi. Maofisa wa uchunguzi wa Jeshi la Anga hawakumwambia aache. Walimlisha nyaraka za kughushi zilizothibitisha hofu zake za uvamizi, kwa kumtumia mwandishi wa vitabu vya UFO, William Moore. Mwaka 1989, mbele ya mkutano wa watafiti wa UFO huko Las Vegas, Moore alikiri kwamba alishiriki. Mfanyabiashara yule alikuwa ameshadhoofika akili kiasi cha kulazwa. Mwaka 2025 gazeti la Wall Street Journal liliandika kisa kingine cha miaka hiyo hiyo: kanali mmoja wa Jeshi la Anga alimpelekea mwenye baa karibu na Area 51 picha za kughushi za visahani, ili watu wakiona ndege mpya isiyonaswa na rada, F-117, wasimulie wageni wa angani. Picha zikatundikwa ukutani, uvumi ukajiendesha wenyewe.

Kufikia hapa msomaji anaweza kuuliza: basi hizi video za marubani wa jeshi la majini je? Desemba 2017 gazeti la New York Times lilifichua kwamba Pentagon ilikuwa na mradi wa dola milioni 22 wa kuchunguza vitu hivi, fedha zilizotafutwa na Seneta Harry Reid wa Nevada. Video tatu zilizovuja zikatolewa rasmi Aprili 2020. Mojawapo, inayoitwa GoFast, inaonyesha kidoa cheupe kikipita kasi juu ya bahari huku marubani wakishangilia. Jopo la wanasayansi lililoundwa na NASA liliichambua mwaka 2023 kwa kutumia namba zilizoandikwa kwenye kioo cha kamera: kimo cha ndege, pembe ya kamera, umbali wa kitu. Hesabu ya pembetatu, ile ya kidato cha pili, inaonyesha kidoa hakiko karibu na maji hata kidogo. Kipo mita kama 4,000 juu, kinakwenda kiasi cha kilomita 64 kwa saa, mwendo ambao upepo peke yake unaweza kuutoa. Kasi inayoonekana ni ya ndege iliyobeba kamera.

Angalia ni nini kilichowezesha jibu hilo: zile namba za kwenye kioo. Na ndizo hizo hizo ambazo jeshi halitaki zitoke. Mwaka 2022 Jeshi la Majini lilikataa kutoa video zaidi likisema zitawapa maadui habari za uwezo wake. Watu wakashangilia: kumbe kuna kinachofichwa! Kipo, ndiyo. Ni jinsi kamera ile inavyoona, kutoka umbali gani, na kwa muda gani inaweza kukifuata kitu bila kukipoteza. Mchina akiwa na video 100 za namna hiyo atajua aipake nini ndege yake isionekane. Kidoa chenyewe kinaweza kuwa puto la harusi, lakini faili lake litabaki la siri kwa sababu ya jicho lililoliona.

Julai 2023 David Grusch, aliyekuwa ofisa wa ujasusi, aliapa mbele ya kamati ya Bunge kwamba ameambiwa kuna miradi ya kukusanya vyombo visivyo vya wanadamu, pamoja na mabaki ya viumbe. Ameambiwa, hakusema ameona. Ofisi ya Pentagon inayoshughulikia jambo hili, AARO, ilitoa ripoti Machi 2024 baada ya kupitia kumbukumbu tangu 1945. Haikukuta ushahidi wowote wa madai hayo. Ilichokuta ni kwamba baadhi ya miradi iliyotajwa na mashahidi ilikuwepo kweli, ni ya siri kweli, na inahusu silaha na ndege za Marekani yenyewe. Lisemwalo lipo, wahenga walisema, na hapa lipo, ila siyo lile linalosemwa.

Naiamini ripoti ile. Naelewa pia kwa nini Mmarekani wa kawaida haiamini, kwa kuwa imeandikwa na wizara ya jeshi lile lile lililosema puto mwaka 1947. Wapo wanaodai dawa ni kufungua kila kitu kwa siku moja. Haiwezekani, na wala haihitajiki. Wafaransa wana ofisi ndogo mjini Toulouse, GEIPAN, chini ya shirika lao la kiraia la anga za juu. Mtangulizi wake alianza mwaka 1977. Polisi wa vijijini hupeleka huko ripoti za wananchi, wachunguzi huzipitia, na tangu mwaka 2007 mafaili yake yamewekwa kwenye intaneti kwa yeyote anayetaka kusoma, majina ya mashahidi yakiwa yameondolewa. Zipo zilizoandikwa wazi kwamba hazijapata maelezo, asilimia chache tu. Hakuna aliyepoteza kazi kwa kuandika hivyo, na ulinzi wa Ufaransa haujadhurika. Marekani ingeweza kufanya vivyo hivyo tangu siku Blue Book ilipofungwa mwaka 1969.